Popo wa Behewa na Chungu cha Bilonda

Jina langu ni Nkashama, na kwa wasiojua lugha ya kwetu Kasai, nkashama ni chui. Nalitaja mwanzoni ili mcheke mapema, maana chui huyu aliangushwa na mavi ya popo. Mbaya zaidi, mavi hayo aliyafuata mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa amevaa tai.

Mwaka wa 1953 nilikuwa karani wa mabehewa katika kituo cha reli cha Kamina. Kazi yangu ilikuwa kutembea kandokando ya njia za reli na kuandika namba za mabehewa: lipi limeingia kutoka Bukama na samaki, lipi limeleta makaa ya Luena, lipi limekwama. Mtu yeyote mwenye macho na penseli angeweza kuifanya. Lakini mimi niliifanya kwa tai na viatu vinavyong'aa, na nilipowapita vibarua waliokuwa wakikaza mataruma nilipunguza mwendo kidogo, ili wapate muda wa kuniona. Mke wangu, Bilonda, alisema mimi ndiye treni pekee pale Kamina iliyosimama hata pasipo na kituo.

Tuliishi na binti yetu Valérie katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Nyumba zilikuwa za matofali, zimepangwa mstari mmoja, kila moja na kipande cha ardhi nyuma yake. Kila mwaka wakubwa wa kambi walipita kukagua bustani, na mshindi alipewa blanketi na sifa. Blanketi nilikuwa nalo. Sifa ndizo zilizoninyima usingizi. Jirani yangu Kitwa, fundi wa breki, Muluba wa hapohapo Katanga, alikuwa ameshinda miaka miwili mfululizo kwa kabichi zake, na hakuwa hata na heshima ya kujivuna. Angejivuna ningemsamehe. Badala yake kila alipovuna alituletea kabichi moja, Bilonda akaipika, nami nikaila kwa uchungu wote wa moyo.

Sasa, mwishoni kabisa mwa kituo, kwenye njia iliyokufa na kumezwa na majani, lilisimama behewa la mizigo la zamani, la mbao, lililokwisha kuondolewa kazini. Mlango wake ulikuwa umekwama nusu wazi, na ndani popo walikuwa wameshika nafasi zote. Sakafuni mavi yao yalifika kwenye vifundo vya miguu, makavu, mepesi kama unga. Niliwahi kusoma gazetini kwamba hakuna mbolea inayoshinda hiyo. Na nilipolisoma jambo gazetini, mimi sikuhitaji kumuuliza mtu tena.

Nilijiandaa kama msomi. Viatu nilivifunga magunia ili vumbi lisiharibu rangi. Mikononi nilivaa soksi kuukuu. Kichwani nilifunga leso ya Bilonda, kwa sababu asubuhi hiyo nilikuwa nimepaka nywele mafuta na kuzichana njia upande wa kushoto, na ingekuwa hasara kuiharibu. Kila kitu kilifunikwa isipokuwa pua na mdomo. Mdomo wenyewe niliuacha wazi makusudi, maana nilifagia huku naimba wimbo wa kanisani. Vumbi lilipanda hadi darini, popo wakaruka huku na huko kwa hasira, nami nikavuta pumzi ndefu kwa ajili ya ubeti wa pili. Nimeufikiria sana ubeti ule baadaye. Haukuwa na ulazima wowote.

Kabichi zilivimba. Zilivimba kuliko kichwa changu, na hilo si jambo dogo. Watu wa kambi walisimama nyuma ya nyumba yetu wakatikisa vichwa, na walipouliza siri ni nini, niliwaambia kwamba sisi watu wa Kasai tuna mkono wa kulima. Kitwa alikuja, akazitazama, akanipongeza kwa moyo mweupe. Nilifurahi mpaka nikamwonea huruma.

Furaha hiyo haikukaa. Wiki chache baada ya kufagia behewa nilishikwa na homa, kisha kifua kikaanza kubana, kisha kikaja kikohozi kikavu ambacho hakikujua mchana wala usiku. Nilikonda. Suruali ikataka kamba, koti likaning'inia, tai peke yake ndiyo iliyoendelea kunitosha. Katika hospitali walinipiga picha ya kifua, na muuguzi wetu Séraphin, aliyekuwa akiimba nami kanisani, aliniruhusu niitazame. Mapafu yangu yalikuwa yamejaa madoa meupe, kama mtu amemwaga punje za mtama juu ya kitambaa cheusi. Walidhani kifua kikuu. Wakapima makohozi, hawakukiona. Wakayapima tena, hawakukiona. Daktari mzungu alikuna kidevu, akaniambia nikae nyumbani nipumzike na nirudi, nami nilitoka na hofu kubwa kuliko niliyoingia nayo, kwa sababu nilimwona daktari hajui.

Habari kwenye reli husafiri kwa midomo ya madereva, na husafiri upesi kuliko treni zao. Haukupita muda akashuka kutoka treni ya Luputa shangazi yangu Mbombo, dada wa baba yangu, ambaye kwetu tunamwita tatu-mukaji, yaani baba wa kike. Mtu akisikia jina hilo aelewe: ukimbishia, umembishia baba. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mfupi, mwenye sauti inayopita kuta. Alinitazama kitandani, akahesabu mbavu zangu kwa kidole, akaketi, na kabla hajanywa maji akasema jina la ugonjwa wangu: tshibawu.

Kwetu Kasai kila mtu anajua tshibawu ni nini. Mke akitoka nje ya ndoa kisha akaficha, na huku anaendelea kumpikia mumewe, adhabu haimpati yeye. Inampata mume, au watoto. Mume anakonda, anakohoa, anakwisha. Dawa yake ni moja: mke anataja jina la mwanamume mbele ya ndugu, kaka zake wanaleta mbuzi na kuku, anatakaswa, na mgonjwa anainuka. Asipotaja, anarudishwa kwao. Watoto wanabaki kwa baba. Na mpaka siku hiyo ifike, mume asitie mdomoni chochote kilichopikwa na mke huyo.

Basi mimi, msoma gazeti, karani mwenye njia ya nywele upande wa kushoto, mtu ambaye aliwahi kuwahutubia vijana wa parokia juu ya ushirikina, nilifanya nini? Nilikataa chakula cha mke wangu jioni ileile. Bilonda aliniletea bukari, yaani ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, kama alivyoniletea kila siku tangu tuoane, na mimi nikageukia ukuta, nikasema sina hamu. Hamu nilikuwa nayo. Harufu ya sombe ile ilinitoa machozi. Bilonda alisimama na sahani, akaelewa, akatoka nayo.

Kuanzia hapo alipika tatu-mukaji. Sitaki kumsema vibaya mzee, lakini mikono yake ilikuwa ya kulima. Bukari yake ilikuwa na mabonge ambayo mtu aliyatafuna kwa zamu, na chumvi aliitia kama anayewatilia ng'ombe. Nilikula kwa imani. Kila tonge nililimeza nikijiambia kwamba hili halina sumu, nikaendelea kukohoa vilevile, na haikunijia akilini hata siku moja kwamba kama kosa lilikuwa kwenye chungu cha Bilonda, basi kikohozi kilipaswa kupungua. Karani wa mabehewa anajua kujumlisha, lakini hesabu hii nilisubiri watu wengine wanifanyie.

Kikao cha ndugu hakikuweza kufanyika mpaka aje kaka wa Bilonda, Tshibangu, mchimbaji wa makaa kule Luena, naye alikuwa akisubiri ruhusa ya kazi. Tukangoja. Tatu-mukaji hakuwa mtu wa kukaa bila kazi. Siku moja alizunguka nyuma ya nyumba, akaziona kabichi, akarudi chumbani kwangu na uso mpya kabisa. Alitaka kujua. Kwa baba wa kike sikuweza kusema mambo ya mkono wa Kasai, maana mkono huo yeye alikuwa nao kabla yangu. Nikamwambia habari za behewa.

Bilonda alisikia, akajitolea kwenda kumletea mzee gunia moja. Tatu-mukaji akakataa kwa ukali. Mwanamke mwenye tuhuma asiguse bustani, alisema, wala mbolea ya bustani, wala maji ya bustani, kwa kuwa kilichomo bustanini ni chakula cha mume. Akachukua jembe na magunia mwenyewe. Alifagia pembe zote nilizoziacha mimi, akapanda hadi kwenye boriti akakwangua na huko, akarudi mweupe kwa vumbi kuanzia kope hadi visigino, mwenye furaha tele, akisema vitunguu vyake vya Luputa vitashangaa. Magunia yalijaa. Akayashona na kuyaweka karibu na mlango, tayari kwa safari.

Zaidi ya wiki mbili zikapita ndipo Tshibangu alipofika. Jumapili baada ya misa tuliketi uani: mimi nimefungwa blanketi, tatu-mukaji kwenye kiti pekee chenye mgongo, Tshibangu kwenye ndoo iliyogeuzwa, na Kitwa na mkewe Élisa walioitwa kama mashahidi. Majirani wengine hawakuitwa, lakini siku hiyo kila mtu alikuwa na nguo za kuanika karibu na uzio wetu. Bilonda aliketi chini kwenye mkeka. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na amefunga kilemba vizuri sana.

Tatu-mukaji alianza kwa sauti ya chini, na nikiri kwamba hakuwa na chuki. Aliliamini jambo lile kwa dhati, na alitaka kuniokoa.

"Bilonda, mutoto wangu," alisema, "bwana yako iko nakufa. Sema jina ya ule mwanaume, tutengeneze mambo, apone. Hakuna mwenye atakupiga."

Bilonda alifikiri. Nakumbuka alifikiri kwa kweli, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya sanduku ili asimkatishe tamaa anayekihitaji.

"Tatu-mukaji, minyi siko na jina," alisema. "Ningekuwa nalo ningelisema leo, juu bwana yangu asikufe. Lakini siwezi kutunga muntu mwenye haiko."

Tshibangu, ambaye mapafu yake mwenyewe yalikuwa na sauti ya kinu, akaomba ruhusa ya kusema. Alisema kwamba kule Luena wanaume wote wanakohoa, na kama kikohozi kinatoka kwenye makosa ya wake, basi katika kambi nzima ya makaa hapakuwa na mke hata mmoja mwema. Watu wa kwenye uzio walicheka. Tatu-mukaji alimjibu kwamba hilo la Luena ni vumbi la makaa, linajulikana. Tshibangu akauliza, na la Nkashama linajulikana kuwa ni nini? Hapo tatu-mukaji akaona maneno yanamponyoka, akageuka kunikabili mimi.

"Na weye, Nkashama? Unamuamini bibi yako ao haumuamini?"

Bilonda aliinua macho akanitazama, na hakuwa na hasira, alikuwa anangoja tu. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Valérie angeliweza kulisema, na alikuwa hajaanza shule. Lakini tatu-mukaji alikuwa ananitazama pia, na baba yangu nyuma yake, na babu yangu nyuma ya baba, na nilikuwa naogopa kufa. Basi nikakohoa. Nilikuwa na kikohozi cha kweli cha kutosha, Mungu anajua, lakini hicho hakikuwa chenyewe. Kile nilikitengeneza. Nikakivuta, nikakirefusha, nikajishika kifua, nikainamisha kichwa. Bilonda alisubiri mpaka kilipokwisha. Alikuwa ameniuguza siku nyingi, alivijua vikohozi vyangu vyote kimoja kimoja, na hicho alikitambua papo hapo.

Aliinuka, akaingia ndani, tukasikia sanduku linavutwa sakafuni.

Treni ya kwenda Luena ilikuwa Jumatano. Tshibangu alisema ataondoka naye. Valérie atabaki. Jumapili ile jioni Bilonda alikaa mlangoni akamsuka nywele mtoto, mistari midogo midogo ya kudumu muda mrefu, na mimi nililala kitandani nikiwasikia wanavyozungumza habari za wanasesere. Nilikuwa na huzuni ambayo sina jina lake. Nilitaka kuinuka nikaseme lile neno. Nilijiambia nitalisema asubuhi, nikishapata nguvu. Ni ajabu jinsi mtu mwenye nguvu za kufagia behewa zima anavyokosa nguvu za kusema neno moja.

Asubuhi aliyeshindwa kuinuka hakuwa mimi. Alikuwa tatu-mukaji. Alikuwa na homa, kifua kinambana, na katikati ya maneno yake kikatoka kikohozi kikavu, kifupi, chenye kwikwi mwishoni. Nilikijua kikohozi kile kama ninavyoujua mlio wa filimbi ya kituo. Kilikuwa changu.

Nyumba nzima ilikisikia, na kila mtu akafikiri jambo moja, na hakuna aliyelisema. Élisa alikuwa ameleta uji. Alisimama na bakuli mlangoni, akatazama dari. Tshibangu aliutazama mguu wake. Mwishowe tatu-mukaji mwenyewe, ambaye hakuwahi kuogopa wazo lolote, alijiinua kwa kiwiko akatukazia macho.

"Minyi ni mujane," alisema. "Musinitazame hivyo. Mujane wa miaka yote ile."

Lakini alikuwa mwanamke mwenye akili, na nikaona uso wake ukibadilika kadiri alivyojisikiliza. Alikuwa anakula kutoka chungu chake mwenyewe. Hakuwa na mume wa kumkosea. Na yule mke aliyetuhumiwa alikuwa amesimama pale, mzima kama jiwe la kusagia, akimfunga kanga mabegani ili ampeleke hospitali. Ndivyo ilivyokuwa: Bilonda, aliyefukuzwa jikoni na bustanini, alikuwa mtu pekee mwenye afya katika nyumba ile.

Bilonda ndiye aliyemshika mkono njiani, pole pole, akisimama kila mzee alipotaka kupumua. Mimi nilifuata nyuma na fimbo, na tai. Ndiyo, niliivaa.

Daktari alipoiona picha ya tatu-mukaji aliitundika kando ya ile yangu. Punje zilezile za mtama. Akaacha kukuna kidevu. Alituuliza kama tunalala chumba kimoja, tukasema hapana. Akauliza tunachofanya pamoja. Nikasema tunalima bustani. Akauliza tunatumia mbolea gani, na hapo, mbele ya Séraphin, mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakisikiliza kila neno, wengi wao wakiwa watu wa kambi waliozisifu kabichi zangu, nikasema ni mbolea ya kawaida.

Tatu-mukaji alinitazama kama anayemtazama mbuzi aliyekula nguo.

"Mavi ya popo, bwana daktari," alisema. "Mu behewa. Iko mingi sana."

Daktari aliweka kalamu chini. Alituuliza maswali mengi kuhusu vumbi lile, akatuchoma sindano ndogo chini ya ngozi ya mkono, akatuita tena baada ya siku mbili, na mikono yote miwili, wa mzee na wangu, ilikuwa imevimba pale pale alipochoma. Akatueleza. Katika mavi ya popo huota kuvu, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Ukiyatimua vumbi, unaivuta na pumzi, nayo inaota kifuani. Alikuwa ameshawaona wawindaji walioingia pangoni kutafuta popo, wakatoka wote wakikohoa. Kwa Kiswahili chake cha kazini alisema:

"Kuvu. Kama ile ya mukate. Haitoki kwa muntu, haiendi kwa muntu."

Bilonda alimwomba arudie. Alirudia. Akamwomba aseme mara nyingine, kwa sauti, na daktari, bila kujua ni kwa nini, alirudia kwa sauti mpaka benchi zima likasikia.

Alisema pia kwamba kwa watu wengi hupoa yenyewe kwa kupumzika na kula vizuri, ingawa kwa wengine huzidi, na mzee atabaki hospitali aangaliwe. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na aibu ya namna mpya. Kifua kikuu ni ugonjwa wa watu. Hata tshibawu ina heshima yake, ina mbuzi na kuku. Lakini mimi nilikuwa nimeota kuvu. Nilijing'arisha nje miaka yote ile, na ndani nilikuwa nimechacha kama kipande cha mkate kilichosahaulika kabatini.

Ilikuwa Jumatano hiyo, na sanduku la Bilonda lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba. Tshibangu alikuwa ameshavaa kofia. Nilimwambia Bilonda, basi, umesikia maneno ya daktari, mambo yamekwisha. Nililisema kama mtu anayetoa msamaha, si anayeuomba. Sijui nilivyojilea mpaka nikawa hivyo.

Alinijibu akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya sanduku.

"Baba Valérie, muliniuliza mbele ya bantu," alisema. "Mbele ya bantu njo mutajibu. Weye na tatu-mukaji. Kama hapana, treni iko kituoni."

Nilijaribu kumwambia kwamba tatu-mukaji yuko hospitali. Alisema atasubiri apone, lakini atasubiri akiwa kule Luena. Akamwinua Valérie, akambusu, akamshusha. Mtoto alianza kulia, na mimi nikaona jinsi mlango ulivyo karibu.

Nikatoka uani. Nilikuwa na blanketi begani na pumzi nusu. Kitwa alikuwa upande wa pili wa uzio akipalilia, na Élisa alikuwa na maji, na wale wenye nguo za kuanika walikuwepo, maana hawakuwa wameacha kuanika tangu Jumapili. Nikasema kwa sauti niliyoweza. Nilisema kwamba katika nyumba yangu kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akitoka kwa siri, naye ni mimi. Nilikuwa nikienda kwenye behewa bovu, kwa popo. Nikasema mkono wa Kasai hauna lolote, kabichi ni za mavi. Nikasema nilifunika viatu nikaacha pua. Walicheka, na niliwaacha wacheke, kwa sababu walistahili. Kisha nikasema lile neno la Jumapili, kwamba ninamwamini mke wangu, na kwamba nilipoulizwa, nilikohoa kikohozi cha uongo.

Hapo hawakucheka. Kitwa aliegemea jembe lake akatazama chini. Bilonda alikuwa mlangoni nyuma yangu, na nilipogeuka nikaona analia, bila sauti, na hakufuta. Tshibangu alivua kofia. Treni ya Luena ilipiga filimbi, ikaondoka.

Tatu-mukaji alitoka hospitali baada ya majuma kadhaa, mwembamba, sauti yake haipiti tena ukuta hata mmoja. Siku hiyohiyo, kabla ya kuketi, alimwita Bilonda uani mbele ya watu walewale. Mikononi alikuwa na kuku mweupe aliyemnunua njiani. Kuku wa kutakasa hutoka kwa ndugu wa mke, kila mtu anajua. Huyu alitoka kwetu. Alimpa Bilonda kwa mikono miwili, akapiga goti moja, baba wa kike, mbele ya mke wa mwanawe, akasema ni yeye aliyekosa. Bilonda alimwinua haraka, maana haya ilimshinda.

Kuku yule alipikwa na Bilonda, kwa chungu chake. Mimi nilikula mpaka nikaona aibu, kisha nikaendelea. Magunia ya mbolea niliyazika mbali na nyumba, baada ya kuyamwagia maji kama daktari alivyoagiza, safari hii nikiwa nimefunga pua na mdomo kwa tai. Ndiyo matumizi yake bora kabisa tangu niinunue. Kabichi hakuna aliyezitaka. Blanketi alilichukua Kitwa tena, akatuletea kabichi, na nilimwambia asante nikiwa namaanisha.

Nilirudi kazini. Kifua kilipona, ila bado kuna siku za vumbi, au za baridi ya kiangazi cha Katanga, ambapo kikohozi kinanirudia. Bilonda ananipikia, ananicheka, anamwambia kila mgeni habari za viatu na magunia. Lakini sanduku lile hakulifungua. Alilisukuma chini ya kitanda siku ile ya Jumatano, na kamba zake, na limo humo mpaka leo. Sijamuuliza ndani kuna nini. Nikikohoa usingizini na kuamka, sishiki kifua. Naning'iniza mkono chini ya kitanda, napapasa mpaka niiguse kamba, nihakikishe bado liko.